Nilipika Chuma Siku Mbili

Kyimo, 16 Machi 2025

Kaka yangu Nsajigwa,

Ugonile. Huku tumeamka salama, ingawa mvua imeamka kabla yetu. Natumaini joto la Mlimba halijakumaliza na masikio yako hayajazidi kuziba. Kwa kuwa simu huisikii, na ujumbe wa simu wewe unasema herufi zake ni za sisimizi, nakuandikia kwa mwandiko wangu huu wa darasa la saba, ambao mwalimu aliwahi kuwaonyesha wenzangu waone herufi zinavyokaa. Lugano muuza parachichi anapanda treni Mbeya, atakufikishia barua hii pamoja na mkungu mmoja wa ndizi na parachichi kumi na mbili. Usimgawie hata moja, ameshakula za kwake hapa kwangu.

Ng'ombe wangu amezaa ndama jike, mweupe usoni. Migomba imesimama vizuri mpaka mchungaji alipopita akauliza natia mbolea gani. Nikamwambia natia mikono.

Sasa nije kwa mpwa wako Tulia. Najua jina hilo linakukwaza tangu alipokuwa kwako akijifunza ufundi, ukamrudisha nyumbani miaka mitatu iliyopita, yeye na begi lake, bila hata karatasi ya maelezo, kwa sababu tapu, kile chuma cha kukatia uzi wa skrubu, ilivunjika. Sikukuuliza wakati ule na leo siulizi. Nakujulisha tu kwamba huyo uliyemwona hana mkono wa ufundi sasa ana banda lake Tukuyu karibu na soko, na juu ya mlango ameandika kwa rangi nyekundu TULIA FUNDI WA VYUMA VIDOGO. Cherehani, mizani, kufuli, vyote vinapita kwake. Watu wanapanda bodaboda kutoka Kisondela wanamletea yeye, wakati njiani kuna mafundi wanaume wamekaa.

Wiki iliyopita alikuja bwana mmoja anaitwa Ezron. Kazi yake ni kuzunguka zahanati akitengeneza hadubini, zile mashine za kuangalia damu kama ina malaria. Hadubini kumi na mbili za zamani zimepoteza vile vibao vinavyoshika kioo chenye tone la damu. Anakatisha vibao vipya vya aluminiamu Dar es Salaam, kumi na mbili kamili, cha akiba hakuna. Anatafuta wa kukata uzi wa skrubu ndani yake. Skrubu zenyewe, kaka, ukiishika moja ukakohoa imepotea. Milimita mbili. Kila kibao kinatobolewa matundu manne, na matundu hayatoki upande wa pili. Mafundi wawili wa Mbeya waliangalia wakarudisha. Tulia akamwomba kipande chakavu, akatia tapu yake, akazungusha mbele ya macho yake, na skrubu ikaingia kama inaingia kwenye ndizi mbivu. Ezron akasema kazi ni yako. Vibao ataleta Juni, na tarehe nne Agosti anavichukua.

Na ujue kwamba mafuta ya kulainishia tapu ni yangu. Nilikumbuka ulivyokuwa ukitusimulia kwamba karakanani kwenu mlitumia mafuta ya ng'ombe. Nikayeyusha ya kwangu, nikayachuja, nikamjazia kopo. Kanisani wote wanajua. Kwa hiyo ukisikia sifa za Tulia, na mimi nimo humo ndani.

Msalimu wifi.

Dada yako Winfrida, mama Tulia


Mlimba, 9 Aprili 2025

Dada Winfrida,

Nimepokea mkungu, na parachichi kumi na moja. Sisi wazima. Mpunga wa upande wa mto umelala kwa maji, wa upande wa reli umesimama. Wifi yako anashukuru, anasema ndizi za huku ni za kujazia tumbo tu.

Kuhusu kazi hiyo. Aluminiamu ni laini lakini ina hila. Chuma kinakatika kikaanguka, aluminiamu inanata kwenye meno ya tapu kama ugali kwenye mwiko. Tapu ya milimita mbili ni nyembamba kama sindano ya kushonea gunia, na ngumu, kwa hiyo haipindiki, inakatika. Inakatika kwa mambo matatu: ikiingia kwa kuinama, ikiharakishwa, au chembe zinazokatwa zikibanana chini ya tundu. Mwambie nusu mzunguko mbele, robo nyuma. Baada ya mizunguko miwili aitoe, aipanguse kwa brashi, ndipo arudi. Tundu la milimita mbili watu hulitoboa kwa biti ya moja nukta sita. Yeye atumie ya moja nukta saba, uzi utakuwa mwembamba kidogo lakini tapu itapumua. Asitumie ule mkono wa chuma wa kushikia tapu, ni mzito, unaficha. Ashike kwa vidole. Kabla ya kukatika tapu hujisokota kidogo, na kidole kinajua.

Kuhusu ya miaka mitatu iliyopita sina la kusema.

Nsajigwa


Kyimo, 22 Juni 2025

Kaka yangu,

Ugonile. Barua yako Tulia ameibandika ukutani bandani. Nami nimeisoma mpaka nikimenya ndizi mkono unakwenda nusu mbele robo nyuma, na wenzangu wa kwaya wananicheka. Waache wacheke. Hakuna kati yao mwenye mtoto anayekata uzi usioonekana.

Lakini kaka, mwandiko wako umekuwaje? Wewe ndiye uliyekuwa ukiandika majina kwenye misalaba ya kijiji kizima. Sasa herufi zinapanda na kushuka kama kuku amekanyaga wino. Nilimwambia Lugano labda uliandikia ndani ya treni.

Baridi ya mwaka huu si ya kawaida. Ndama namfunika gunia. Mafuta ya kula yanaganda kwenye chupa, asubuhi naisimamisha chupa karibu na moto ndipo nipate ya kukaangia. Mzee Hosea jirani yetu amevaa makoti mawili tangu mwanzo wa mwezi, na hata akioga sidhani kama anayavua yote.

Ezron alileta vibao. Vizuri, vinang'aa, ukubwa wa kiganja cha mtoto. Tulia amemaliza vinne. Matundu kumi na sita, kaka, na skrubu kumi na sita zimeingia na kutoka. Nilikwenda mwenyewe nikahesabu. Niliomba nichukue kibao kimoja nimwonyeshe mama mchungaji, akakataa, akasema mama, hiki si kitenge. Nikamwambia basi nitasimulia, na nimesimulia.

Jambo dogo tu. Tulia anauliza, tapu ikikatikia ndani ya tundu, kuna namna ya kuitoa bila kuharibu kibao? Anauliza kwa ajili ya rafiki yake mmoja, fundi wa Mpuguso.

Winfrida


Mlimba, 6 Julai 2025

Dada,

Salamu. Wazima.

Meza yangu ina mguu mmoja mfupi, ndiyo sababu ya mwandiko.

Huyo rafiki wa Mpuguso asiguse kitu. Asijaribu kuitoboa kwa biti, maana tapu ni ngumu kuliko biti. Biti itatelezea kwenye aluminiamu ya pembeni, tundu litapanuka na kibao kitakuwa cha kutupa. Akiweke kilivyo.

Nijibu mambo mawili. Amevunja ngapi? Na mafuta anayotumia sasa ni yapi?

Nsajigwa


Kyimo, 14 Julai 2025

Kaka,

Hatujambo. Ndama anakunywa.

Rafiki wa Mpuguso hayupo. Ni Tulia. Vibao saba vimekwisha vizuri kabisa, navyo nimeviona na naapa hakuna Mbeya nzima awezaye kukata hivyo. Vitatu havijaguswa. Viwili vina tapu zimekatikia ndani, kila kimoja moja, zimezama, hata ukucha haushiki. Mimi nasema ni tapu za dukani, siku hizi wanauza vyuma vya biskuti. Au ni hiyo aluminiamu, nani ajuaye iliyeyushwa pamoja na nini. Hata meza ya banda ina mtikisiko, nimemwambia mara nyingi.

Yeye hasemi kitu. Na hilo ndilo linaloniumiza, maana unamjua, hata alipokuwa mdogo akichapwa kwa kosa la mwingine alikuwa anatazama tu. Banda limefungwa siku mbili. Jana jioni tulikuwa tunakula, akaweka kijiko chini akasema, "Mama, nitamrudishia Ezron vibao vyake nimwambie ukweli. Halafu nitaenda kuchuma chai. Labda mjomba aliniona vizuri."

Kaka, nimekuwa nikijidai mbele yako barua baada ya barua, na leo sina cha kujidai. Ezron akikuta viwili vimeharibika hatakubali kupeleka kumi. Alisema tangu mwanzo ni kumi na mbili au ampe mwingine kazi yote, na habari hiyo itatembea zahanati zote, na lile bango la rangi nyekundu tutalishusha. Sasa ninakuuliza lile ambalo nilisema siulizi. Mjomba ulimwona nini? Ulimwona nini mwanangu hata ukamrudisha kama mzigo uliokosea stendi?

Lugano nimemwambia asirudi bila jibu lako.

Winfrida


Mlimba, 20 Julai 2025

Dada Winfrida,

Lugano amekaa hapa mlangoni siku mbili kama ulivyomwagiza, amekula kwangu kuliko alivyoleta.

Nilikuuliza mafuta na hukunijibu. Nimejijibu mwenyewe kutoka barua zako za Machi na Juni. Mafuta ya ng'ombe hapa Mlimba ni laini mwaka mzima, ndiyo maana karakana tuliyapenda. Huko kwenu mwezi wa Machi yanaweza kwenda. Mwezi wa Julai ni mshumaa. Yanaingia tunduni yakiwa na uvuguvugu, yanakutana na kibao cha baridi, yanaganda pamoja na chembe, na tapu inajikuta inazunguka ndani ya kizibo. Fundi yeyote angevunja. Kuvunja mbili tu kwa mafuta hayo ni mkono mzuri sana. Mwambie atumie mafuta ya taa, mepesi, tone moja kila mara. Usijilaumu peke yako, hadithi ya mafuta ya ng'ombe niliwapa mimi, na nilisahau kuwaambia joto.

Sasa kuzitoa. Nunueni shabu, yale mawe meupe ambayo wanaume hupaka baada ya kunyoa. Siyo kipande, nusu kilo. Pondeni, yeyusheni kwenye maji ya moto mpaka maji yakatae kuyeyusha zaidi. Tumieni chungu cha udongo, kitu cha chuma kitaliwa. Tumbukizeni vibao, matundu yakitazama juu, muache kwenye moto mdogo, maji yawe ya moto lakini yasichemke kwa fujo, na mkiona yamepungua mwongeze. Shabu inakula chuma, aluminiamu haiigusi. Mtaona mapovu madogo yanapanda kutoka kwenye tundu lenye tapu, hayo ndiyo dalili. Itachukua siku, pengine mbili. Ile tapu itakuwa tope jeusi, mtaitoa kwa mwiba.

Umeniuliza nilimwona nini Tulia.

Meza yangu haina mguu mfupi. Mkono wangu unatetemeka. Ulianza mwaka ule alipokuwa hapa. Asubuhi ile nilikuwa nakata uzi kwenye kamera ya mpiga picha mmoja wa hapa, na Tulia alikuwa ameishikilia ile kamera kwa mikono miwili isicheze. Tapu ilikuwa kwangu, kwenye vidole vyangu. Ikakatika. Mwenye kamera alikuwa anaingia mlangoni, akauliza nani amefanya hivi. Nikamwonyesha mtoto kwa kidevu. Miaka thelathini na minne ya kazi nilikuwa sijawahi kumwambia mteja nimevunja, nikaona afadhali hivyo. Yule mtu alimtukana mbele yangu, nami ninaposema sisikii, siku hiyo nilisikia.

Tulia alinitazama tu. Nilishindwa kukaa naye nyumba moja. Nikamkatia tiketi.

Nimemfungia Lugano kishikio cha mti wa mpera nilichokichonga mwenyewe nikiwa kijana. Kina tundu la kuchomeka tapu ndogo, unakizungusha kwa vidole viwili. Ni cha Tulia. Mkono wangu haukiwezi tena.

Barua hii mpe aisome au uichome, nimekuachia.

Nsajigwa


Kyimo, 17 Agosti 2025

Kaka yangu Nsajigwa,

Ugonile, na ndaga fijo, asante sana. Sisi wazima, baridi imeanza kulegea, Hosea amerudi kwenye koti moja.

Barua yako nilikaa nayo siku nzima ndani ya kitenge. Nilikukasirikia, sitakuficha. Nilipanga maneno ya kukuandikia ambayo usingependa wifi ayaone. Halafu nikapita jikoni, nikaliona kopo langu la mafuta ya ng'ombe limeganda, kijiko kimesimama ndani peke yake, nikakaa chini. Na mimi nilikuwa nimenyamaza. Ulipouliza mafuta mara ya kwanza nilijua unakwenda wapi, nikamsingizia mwenye duka, nikasingizia mpaka meza.

Nikampa Tulia barua. Alisoma amesimama mlangoni, kisha akasoma tena ameketi. Nikamwambia, mwanangu, na ya mafuta ni mimi. Akasema alijua tangu tapu ya kwanza, na alikuwa akilipasha kopo kwenye mkaa kila baada ya tundu. Nikamuuliza kwa nini hakuyamwaga akatumia mengine.

"Ulikuwa umeshawaambia kanisani," akasema.

Kaka, nimeishi miaka hamsini na sita na hakuna mtu aliyewahi kunipiga bila kuinua mkono namna ile.

Kuhusu wewe alisema hivi, naandika kama alivyosema: "Mkono wa mjomba niliuona unatetemeka tangu anakunywa chai. Nilidhani ataniambia mwenyewe." Basi. Akakunja barua, akaniuliza shabu inauzwa wapi.

Nilikwenda mimi, kwa miguu yangu, kwa Mwanaamina pale sokoni, yule mwenye duka la viungo. Nikaomba nusu kilo. Akanitazama akaniuliza Kyimo nzima imeamua kunyoa siku moja? Nikamwambia napika. Akaniuzia, lakini alimwita mwenzake aje anione.

Chungu nilichotumia ni kile cha mama yetu, cha kupikia maharage. Nilikaa nacho siku mbili, kaka. Tulia alitaka kukaa yeye, nikamwambia nenda ukamalizie vile vitatu kwa mafuta ya taa, huu moto ni wa kwangu. Hosea akapita akaona nachungulia chungu, akauliza mama Tulia unapika nini tangu jana hakiivi. Nikamwambia napika chuma. Akaenda zake taratibu, na nasikia alimwambia mchungaji aniombee. Lakini mapovu yalikuwa yanapanda, madogo, mfululizo, kutoka tundu moja la kila kibao na si mengine, kama ulivyoandika. Siku ya pili alasiri Tulia akatoa vibao, akaingiza mwiba wa mchungwa, likatoka tope jeusi. Akasukutua kwa maji, akapuliza, akainua kwenye mwanga. Tundu jeupe. Uzi ule uliokuwa umeanza kukatwa bado upo, aluminiamu haikuguswa.

Akachukua kishikio chako. Kilimkaa vidoleni kana kwamba ulimpima. Tone moja la mafuta ya taa. Nusu mbele, robo nyuma, toa, pangusa. Mimi nilikuwa nimeshika pumzi mpaka akaniambia nipumue, namtia wasiwasi. Skrubu ikaingia.

Ezron alikuja tarehe nne kama alivyoahidi. Kumi na mbili. Tulia akampangia mezani, na kabla hajagusa akamwambia, hiki na hiki tapu zilikatikia ndani, nikazitoa kwa shabu, vikague zaidi. Nilitaka kumfinya, alikuwa hana haja ya kusema, visingejulikana. Ezron akavikagua kwa lenzi, akatia skrubu, akatikisa, akavichanganya na vingine, akashindwa kuvitambua tena. Halafu akafunga kimoja kwenye hadubini aliyokuja nayo, akaweka kioo cha damu, akasema mama, karibu uangalie. Niliinama. Niliona vidoadoa vya zambarau, ndiyo malaria yenyewe, vimetulia tuli, havichezi hata kidogo, kwa sababu kibao hakichezi. Nimewaeleza watu wote. Mama mchungaji nimemweleza mara mbili, na ya pili nikamwambia pia kwamba mafuta yangu ndiyo yaliyovunja tapu. Alishangaa kuliko alivyoshangaa malaria.

Ezron ameahidi vibao vingine ishirini kabla ya mwaka kwisha. Tulia amesema hatavichukua mpaka apate mtu wa kukaa naye bandani, anayejua kupima na kuona mapema tundu lililoinama. Nikamwambia wako mafundi wengi. Akasema anamtaka anayejua tapu kabla haijakatika, na kama mkono wake unatetemeka, auweke juu ya wa Tulia, watasikia wote wawili.

Ameshanunua kiti cha pili, cha mbao, kina mgongo. Kimekaa upande wa dirishani na hakuna anayeruhusiwa kukikalia. Juzi nilifika nimechoka, nikakikalia, na akaniinua mimi mama yake.

Lugano anapanda tena Jumamosi ya wiki ijayo, atakuletea nauli na koti la marehemu baba Tulia, kwa ajili ya baridi. Na mafuta ya ng'ombe yamebaki kopo zima. Nitakukaangia maharage.

Dada yako,
Winfrida